Wasifu wangu ulitiwa chini ya mguu wa meza. Nirudi tena kwenye maonyesho ya ajira?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, niko mwaka wa nne chuoni hapa Mombasa. Nasomea usimamizi wa ununuzi na ugavi. Nyumbani ni Likoni, na mama ndiye baba na mama. Kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi kando ya njia ya kwenda feri. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ukichelewa, mahamri hayo ndiyo yanayonilipia karo. Nakueleza haya ili ujue kwa nini jambo ambalo kwa mwingine ni dogo linaninyima usingizi.

Mwaka jana chuo kiliandaa maonyesho ya ajira. Makampuni yalipanga meza ukumbini, na sisi wanafunzi tukapita na karatasi zetu. Rafiki zangu waliniambia siri ni wingi, kwamba ukitoa nyingi, moja haikosi kunasa. Nikachapisha nakala 30 za wasifu wangu. Nilipita meza baada ya meza, natoa karatasi, nasema ahsante, nasonga mbele. Kwenye meza moja bwana mmoja aliniambia kwa Kiingereza nijieleze. Shangazi, Kiingereza nakijua, mitihani yangu yote nafanya kwa lugha hiyo. Lakini siku ile ulimi ulinikauka. Nikataja jina langu, nikataja kozi yangu, kisha nikanyamaza. Akatabasamu, akamtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Jioni tuliombwa tusaidie kukunja viti. Kwenye meza moja niliona karatasi iliyokunjwa mara nne, imetiwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Niliikunjua. Ilikuwa yangu. Niliitia mkobani na mpaka leo ninayo.

Hakuna aliyepiga simu. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshamwambia mama kuwa watapiga. Kwa miezi alikuwa akiniuliza, "Wale watu wako bado?" Siku moja nikamwambia kuna kampuni imeniandikia inasema nisubiri. Haikuwa kweli. Tangu hapo amewaambia majirani kwamba mwanawe karibu ataingia bandarini.

Maonyesho ya mwaka huu ni Alhamisi, wiki tatu zijazo. Mama amepata zamu yake kwenye chama chao cha kuchangiana, shilingi 15,000, na anataka zote zinihudumie mimi. Rafiki yangu wa chuoni anasema nivue buibui siku hiyo, ninunue suti, nibebe na cheti cha maadili mema na hati zote za serikali, la sivyo sitatazamwa mara mbili.

Mjomba naye ana lake. Anafanya kazi mjini kwenye kampuni ya kliaringi, wanaoshughulikia kutoa mizigo bandarini. Anasema maonyesho ni ya kupigwa picha tu, na kazi Mombasa ni kujuana. Kwao kuna nafasi, na kuna mtu "wa kuonwa" ili jina langu liingie. Mtu huyo anataka shilingi 15,000, na anataka kuniona Alhamisi ile ile, saa tano asubuhi. Mama ameniachia niamue. Anasema, "Wewe ndiye uliyesoma."

Nisije nikaonekana sina kitu kabisa, nilifanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu kwenye godauni moja huko Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kujaza kadi. Niligundua makatoni 42 ya vigae yalikuwa sakafuni lakini hayako daftarini, kwa sababu lori lilishushwa usiku na hakuna aliyeandika. Nikamwambia msimamizi, wakabadilisha utaratibu wa kupokea mzigo. Lakini hilo ni jambo la kawaida tu, hata nyumbani sijalisema.

Shangazi, nirudi kwenye meza zile zile nikaaibike tena, au nimfuate mjomba?

Binti wa Likoni

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi. Iliyonichoma zaidi ni ile karatasi uliyoikunjua, na kwamba bado unaitembeza mkobani. Naanza nayo, kwa sababu naona ndiyo inayoamua mambo mengi humu kuliko mjomba na suti.

Kama nimekuelewa, una mzigo wa aina tatu kichwani. Kuna aibu ya mwaka jana. Kuna ahadi uliyompa mama, ambayo sasa imekua ikawa habari ya mtaa. Na kuna shilingi 15,000 za chama zinazovutwa upande huu na huu, zote kwa siku moja. Umeniuliza swali moja, maonyesho au mjomba. Ukiniruhusu nitaliacha kwanza lile swali nizungumzie hiyo mizigo, maana sina hakika kwamba hizo ni njia mbili zinazopingana.

Umechukulia kwamba aliyeukunja wasifu wako aliusoma, akakupima, akakuona hufai. Je, una hakika aliusoma? Wanaotumwa kukaa kwenye meza zile mara nyingi si wenye kuajiri. Wengine ni vijana wa mauzo, wengine ni wafanyakazi wa kawaida walioambiwa asubuhi wapande gari waende chuoni. Makampuni makubwa mengi hupokea maombi kupitia tovuti zao. Karatasi iliyotolewa mkononi haina pa kuingia hata kama aliyeipokea ana nia njema. Kwa hiyo hujakataliwa, mwanangu. Hujafika hata mahali pa kukubaliwa au kukataliwa. Kukunja karatasi ya mtoto wa mtu ukaitia chini ya meza ni utovu wa adabu na simtetei aliyefanya hivyo, lakini alilolifanya linamhusu yeye, na wewe umelibeba mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na rafiki zako. Nakala 30 kwa siku moja ni kugawa karatasi tu. Hakuna kati ya watu 30 uliyeongea naye akakukumbuka, na mwenyewe umesema ulikuwa unatoa, unashukuru, unasonga. Na mjomba, anaposema kazi Mombasa ni kujuana, hajakosea kabisa. Lakini mahali kama pale ukumbini ndipo mtu asiye na mjomba popote anapoweza kuanza kujuana na watu bila kumlipa yeyote. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kuamua maonyesho ni ya picha tu.

Tuseme umeamua kurudi. Ungerudi vipi, isiwe kama mwaka jana?

Mimi ningeanza wiki hizi tatu, si Alhamisi. Nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi, au popote chuo kinapoandalia shughuli hii, uombe orodha ya makampuni yatakayokuja. Chagua matano, si zaidi. Soma kila moja inafanya nini hapa Mombasa: ina bohari wapi, inaleta mzigo gani, inanunua nini. Tazama kama imetangaza nafasi, na kama maombi yanapitia tovuti, yatume kabla ya siku yenyewe. Hapo utafika mezani na neno la kusema, kwamba umeshaomba nafasi fulani na ungependa kujua wanatafuta mtu wa namna gani. Usisahau makampuni madogo. Meza yenye foleni ndefu hukupa nusu dakika. Ile isiyo na mtu inaweza kukupa robo saa na mwenyewe wa kampuni.

Kisha uliza maswali. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi akisikia sentensi ile ile hufurahi akiulizwa habari ya kazi yake. Siku yake ikoje? Alipoanza, nini kilimshinda? Mtu aliyesoma ununuzi na ugavi huanzia dawati gani kwao? Wanachukua watu wa mafunzo miezi gani? Mtafute hasa aliyemaliza chuo chenu miaka miwili mitatu iliyopita, maana yeye atakwambia ukweli ambao mkubwa wake hatausema. Ukiondoka mezani, simama kando uandike jina lake na neno moja alilokwambia. Kesho yake mwandikie ujumbe mfupi wa shukrani ukitaja neno hilo hilo. Watu watano wa namna hiyo, kwa maoni yangu, wanazidi nakala 30.

Sasa ulimi kukauka. Hapa nina la kukuuliza: ulikauka kwa sababu ya Kiingereza, au kwa sababu hukuwa umeamua utasema nini? Ukiambiwa ujieleze bila kujiandaa, hata Kiswahili hukimbia. Na la kusema unalo. Umeliandika mwishoni mwa barua kama jambo la kupita, ukasema ni la kawaida. Makatoni 42 ya vigae yasiyo daftarini! Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya fani yako. Mzigo uliopokelewa bila kuandikwa ni mzigo unaoweza kuibwa bila mtu kujua, au kulipiwa mara mbili. Wewe uliuona, ukasema, na utaratibu ukabadilishwa ukiwa mwanafunzi wa atachimenti. Liandike kwa sentensi nne: mahali, ulichokiona, ulichokifanya, kilichobadilika. Liandike kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, lisemee kwa sauti mpaka lisikutetemeshe tena. Na siku hiyo anzia meza usiyoitamani sana, ulimi upate moto kabla hujafika kwa unaowataka.

Ukipata nafasi, mwombe mama akusikilize ukijizoeza. Nasema hivi kwa makusudi. Mama yako huuza kwa watu wanaokimbilia feri. Ana muda mfupi sana wa kumsalimu mtu mwenye haraka, amfanye asimame, amkumbuke, arudi kesho. Unachokwenda kukifanya pale ukumbini kinafanana sana na anachokifanya yeye kila alfajiri, na sidhani kuna mhadhiri atakayekufundisha vizuri kumshinda.

Kumwendea mama hivyo kutakuletea lile jambo jingine, la kampuni iliyokuandikia. Sitakugombeza. Naona ulisema vile kwa kumhurumia, si kwa kumdanganya. Lakini sasa mama anapanga fedha zake za chama akidhani mlango uko nusu wazi, na uamuzi wake umejengwa juu ya neno lako. Ukimweleza ukweli, huenda akasononeka siku mbili, na huenda majirani wakauliza. Usipomweleza, kila Alhamisi itakuwa mtihani wa uongo ule. Unaweza pia kumweleza tu jinsi maonyesho haya yanavyofanya kazi, kwamba hakuna anayetoka na ajira mkononi siku ile, kwamba yanaanzisha mambo yanayoweza kuchukua miezi. Hilo peke yake litampunguzia matumaini yanayokulemea. Wewe ndiwe unayemjua, chagua saa na maneno.

Habari ya mavazi nitaisema kwa ufupi. Buibui lako ni lako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake, na hapa Mombasa wanawake wenye mitandio wamejaa maofisini, mahakamani na bandarini. Ukitaka koti la kuvalia, Kongowea utalipata kwenye mitumba bila kumaliza fedha za chama. Kilicho safi na kilichopigwa pasi kinatosha. Viatu viwe vya kusimama kwa muda wa saa tano, na uvuke feri mapema kabla ya msongamano. Hati za serikali nazo zisikutoe jasho. Tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2022, mwajiri hapaswi kukudai hati za uthibitisho kabla hajakusudia kukupa mkataba. Na kama ukumbini kutakuwa na mawakala wa kazi za Ughaibuni, uliza kama wamesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na usiache pasipoti wala nakala ya kitambulisho mezani kwa mtu.

Sasa mjomba. Hapa naenda polepole, kwa sababu ni ndugu wa mama yako na naamini anakutakia mema.

Umemwuliza fedha zile zinakwenda kwa nani? Si kwa kumshuku. Inawezekana yeye mwenyewe hajui, ameambiwa tu na mtu wa ofisini kwamba "kuna nafasi". Nafasi hiyo imetangazwa? Ni kazi gani, mshahara kiasi gani, mkataba upo? Ukitoa 15,000 na jina lisiingie, utamdai nani, na utakwenda kwa nani kushtaki? Nami nitakuwa sikutendei haki nisipokwambia kwamba Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamgusa mtoaji kama inavyomgusa mpokeaji, hata katika kampuni binafsi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kuna na hatari isiyo ya mahakama: anayekuingiza kwa kulipwa anajua namna ulivyoingia, na siku utakayoona makatoni yasiyo daftarini, atakukumbusha.

Lakini pia sitaki umtupe mjomba pamoja na ile bahasha. Anaijua kliaringi kwa miaka. Anaweza kukueleza hati za mzigo zinavyopita tangu meli kufika Kilindini mpaka lori kutoka getini, mambo ambayo darasani mnayapitia kwa haraka. Anaweza kukwambia kama cheti cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, kile kinachofundishwa na chuo cha Mamlaka ya Mapato, kinamsaidia mtu kama wewe. Anaweza kukupeleka kwa mkubwa wake mkasalimiana bila ya kitu mkononi. Ukimwomba hayo, utaona pia anavyolipokea ombi lisilo na fedha ndani yake.

Kuhusu saa zenyewe, unaweza kumwomba mjomba akutafutie siku nyingine, Ijumaa au Jumatatu. Kama nafasi ni ya kweli, saa 24 hazitaifuta. Wakikataa kabisa kusogeza, hilo nalo ni jibu la aina fulani, ulipime. Unaweza pia kwenda ukumbini saa tatu zikifunguliwa meza, uzungumze na watu wako watano, kisha uende mjini ukamsikilize mtu wa mjomba bila kubeba zile fedha. Hatari ya njia hiyo ni kwamba utafanya mambo yote mawili kwa pupa, moyo ukiwa kwingine. Au usiende popote kati ya hapo, umalize mitihani kwanza. Hilo pia linawezekana, ila naogopa ile karatasi itakaa mkobani mwaka mwingine.

Zile 15,000, kabla hazijawa suti wala bahasha, zingeweza kukaa. Utahitaji nauli ya kwenda usailini, na ukipata mafunzo ya miezi mitatu yasiyo na malipo utahitaji chakula cha mchana. Mshauriane wewe na mama mkiwa mmekaa, wala si mmoja akimwachia mwenzake uamuzi. Yeye amesema wewe ndiye uliyesoma, na ni kweli. Lakini anayezijua fedha zile zilivyopatikana, hamri moja baada ya jingine, ni yeye.

Niandikie baada ya Alhamisi, hata kama hukwenda. Nataka sana kujua mama alisema nini aliposikia habari ya yale makatoni.

Shangazi yako